Hongo, Kodi na Viza: Mgeni Analipia Nini?

Neno hongo halikuzaliwa na aibu. Leo ukilitaja, kila mtu anafikiri rushwa: noti iliyokunjwa ndani ya fomu, faili lisilosogea mpaka mwenye shida ajue la kufanya. Wazee wa karne ya 19 walilitumia kwa maana nyingine. Hongo ilikuwa malipo ambayo msafara uliyatoa kwa mtawala wa nchi uliyoipita, na yalilipwa mchana kweupe, mbele ya watu, baada ya majadiliano ambayo yangeweza kuchukua siku nzima au juma zima. Kwa lugha ya leo tungesema ni ada ya viza.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu katika sharika zetu za Rombo suala la viza limeacha kuwa la watu wa mjini. Kijana amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Mwanakwaya amealikwa na usharika rafiki Ujerumani. Binti aliyeolewa Marekani anataka mama yake aende kumsaidia kulea mtoto. Mama mmoja wa hapa Mkuu aliuza ndama ili alipe ada ya maombi ya viza, karibu nusu milioni ya shilingi. Akapanda basi kwenda Dar es Salaam, akaulizwa maswali machache dirishani, akanyimwa. Fedha hairudi. Aliponisimulia hakulalamikia kunyimwa. Alisema nchi ni yao, wana haki ya kukataa. Alichouliza ni hiki: "Mchungaji, sasa yule ndama wangu amenunua nini?"

Swali hilo ni la zamani kuliko pasipoti, na sisi watu wa mlima huu tuna historia nalo kutoka pande zote mbili. Tumewahi kuwa wenye lango, na tumewahi kuwa wabisha hodi.

Tuanze na namna hongo ilivyofanya kazi ilipofanya kazi vizuri. Njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi kame. Maji yalikuwa ya wenyeji. Msafara wa watu mia kadhaa na punda wao ukishuka kwenye kisima, wenye kisima hawawezi kukaa kimya. Wagogo walidai nguo, shanga na waya, na wasafiri wa Ulaya, Burton na Speke mwaka 1857 na 1858, Stanley mwaka 1871, walijaza kurasa kwa manung'uniko juu yao. Ukizisoma kurasa hizo ukiwa umekaa upande wa Mgogo, unaona jambo moja ambalo waandishi walilipita haraka: aliyelalamika alikuwa amekunywa maji ya mtu.

Speke alirudi mwaka 1861 akiwa na Grant, wakielekea Karagwe kupitia Uzinza na Usui. Huko walicheleweshwa na watawala wadogo wadogo, kila mmoja akidai chake, na Speke anaandika kwa hasira. Lakini anaandika pia habari ya ngoma. Hongo ilipokubaliwa na kupokelewa, ngoma zilipigwa kuwatangazia watu wote kwamba mambo yamekwisha. Baada ya ngoma, mgeni alikuwa amelipa. Ngoma ile ndiyo stakabadhi yake, tena stakabadhi ambayo hata asiyejua kusoma aliisikia.

Sasa tuje nyumbani.

Johannes Rebmann alikuwa Mlutheri kutoka Württemberg, Ujerumani, aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza, CMS. Watoto wetu wa kipaimara wanamjua kama Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, na kama mtu aliyetembea nyikani na mwavuli badala ya bunduki. Safari ile ya kwanza aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua njia, akafika Kilema kwa Mangi Masaki. Mwishoni mwa mwaka uleule alikwenda Machame kwa Mangi Mamkinga, akapokelewa vizuri mno, akaahidiwa msaada wa kwenda mbali zaidi. Aliamini. Aprili 1849 aliondoka Rabai mara ya tatu akiwa na wapagazi wapatao 30 na mizigo ya nguo na shanga, akikusudia kupita Machame na kuendelea mpaka Unyamwezi.

Hakufika. Mamkinga alianza kudai, kidogo kidogo, leo kitambaa, kesho shanga, mpaka mizigo iliyokuwa ya safari ya Unyamwezi ikaisha palepale Machame. Hakupigwa wala kufungwa. Kila kilichochukuliwa kilichukuliwa kwa jina la zawadi. Hata baraka ya kuagana, ile ya kutemea mate mgeni ili aende salama, ambayo kwa wazee wetu ilikuwa neno la amani, alidaiwa malipo yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, Rebmann alilia machozi mbele ya Mangi. Akaeleza kwamba halii kwa ajili ya vitu, bali kwa sababu vitu vile vilikuwa sadaka za watu wema wa kwao waliotaka Kitabu cha Mungu kiwafikie watu wote. Akarudi pwani Juni, akiwa mgonjwa na mikono mitupu. Aliishi Rabai miaka mingine zaidi ya 25, hadi akapofuka macho, lakini Kilimanjaro hakurudi tena.

Miaka ishirini na kitu baadaye zamu ilikuwa ya Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alikuja mwaka 1871, akapanda hadi kwenye mpaka wa theluji na kurudi salama. Aliporudi tena kwa Mandara, alinyang'anywa mali yake, akafa njiani kuelekea pwani mwanzoni mwa mwaka 1875.

Nimewasikia watu wakitetea hawa wamangi, na utetezi wao si wa kubeza. Wageni wa pwani walileta nguo, lakini walileta pia bunduki na biashara ya watumwa, na wamangi wenyewe waliingia katika biashara hiyo. Mangi angejuaje kwamba huyu mwenye mwavuli ni mtu wa aina nyingine? Tena alikuwa na vita na jirani zake na askari wa kulisha. Kuwa na lango ni kuwa na mapato. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo nasema Mamkinga alimwibia Rebmann, na sababu yangu si kwamba Rebmann alikuwa Mlutheri mwenzangu. Masaki wa Kilema naye alipokea zawadi, na hakuna aliyelia. Mamkinga alitazama mzigo wa mgeni, akaona mgeni yuko mbali na kwao, hana mahali pa kushtaki, hawezi kusonga mbele wala kurudi bila ruhusa yake, na hiyo ndiyo ikawa bei. Hakupima alichotoa. Alipima shida ya aliyesimama mbele yake.

Na kuna jambo la pili ambalo historia ya Rindi inatufundisha. Mtu aliyemvua Charles New mali yake ndiye, mwaka 1885, aliyekubali mkataba na Karl Jühlke, mjumbe wa Carl Peters. Kwa mkataba huo Wajerumani walidai mlima wote. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani walichora mstari kutoka pwani hadi ziwa, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro. (Hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mlima mjukuu wake ni hadithi tu, waliojadiliana walikuwa wanasiasa, na kila upande ulijua unachotaka.) Mstari huo ndio unaotufanya leo sisi wa Rombo tuhitaji karatasi kwenda kwa shangazi zetu walioolewa ng'ambo ya Tarakea na Holili. Kwa hiyo angalieni: mhubiri na msafiri wasio na jeshi walilipa hadi kuishiwa. Dola lenye jeshi lilipita karibu bure. Ada kubwa haimzuii mgeni wa hatari, maana mgeni wa hatari huwa na uwezo. Humzuia mnyonge.

Mwaka 1891 Peters alikuja kukaa Marangu akiwa kamishna, na watu wa Rombo walipata bunduki zake. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba, ikaanza kukusanywa mwaka 1898. Asiye na rupia alifanya kazi kuilipia. Mgeni sasa alikuwa anamtoza mwenyeji kwa kulala ndani ya nyumba ya baba yake. Wazee wetu walikuwa wameujua mlango wa hongo kutoka ndani. Sasa wakasukumwa nje na kuambiwa walipe.

Maandiko yanasema nini? Yanasema mengi kuliko ninavyoweza kuandika hapa, na hayasemi kwamba kumtoza mgeni ni dhambi. Katika Hesabu 20 Musa anaomba ruhusa ya kupita Edomu, na anaahidi kwamba wakinywa maji watayalipia. Edomu wanakataa na kutoka na upanga. Katika Kumbukumbu la Torati 2 Mungu mwenyewe anawaagiza Israeli wanunue chakula na maji kwa fedha kutoka kwa wana wa Esau. Haki ya Mgogo juu ya kisima chake imo mle. Mgeni mwenye heshima hulipia maji.

Lakini soma pia Mwanzo 23. Ibrahimu ni mgeni katika nchi ya Wahiti. Mkewe amelala chini, amekufa, na hana hata kipande cha ardhi cha kumzika. Efroni anaanza kwa maneno matamu, kwamba atampa shamba bure, kisha anataja bei kana kwamba si kitu kati ya marafiki: shekeli 400 za fedha. Yeremia, karne nyingi baadaye, alinunua shamba kwa ndugu yake kwa shekeli 17. Thamani ya fedha hubadilika na mashamba hayalingani, lakini wafafanuzi wengi wameinua nyusi kwenye tofauti hiyo, na mimi nainua yangu. Ibrahimu hakubishana. Mfiwa habishani. Akapima fedha. Jambo linalomwokoa Efroni kidogo ni kwamba alitoa kitu: shamba, pango, na miti yote iliyokuwa ndani ya mipaka yake, mbele ya mashahidi langoni mwa mji. Ngoma ilipigwa, tunaweza kusema.

Na katika Matendo 22 kuna yule jemadari wa Kirumi anayemwambia Paulo kwamba uraia wake aliupata kwa mali nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye ni raia kwa kuzaliwa. Sioni kwamba Paulo anajisifu. Lakini wengi wetu tunaozungumza kwa ukali juu ya wageni tuko katika hali ya Paulo: tulichonacho hatukukilipia hata senti.

Martin Luther aliandika mwaka 1524 kitabu kidogo juu ya biashara. Alikasirishwa na kanuni moja ya wafanyabiashara wa wakati wake, kwamba mtu anaweza kuuza bidhaa yake ghali kadiri awezavyo. Luther aliona kwamba kanuni hiyo inafungua mlango wa jehanamu, kwa sababu inageuza shida ya jirani kuwa kipimo cha bei. Kadiri jirani anavyohitaji zaidi, ndivyo atakavyokamuliwa zaidi. Mfanyabiashara, alisema, alipwe gharama zake, kazi yake na hatari anayoibeba. Hakuwa akizungumzia viza, lakini sijapata kipimo kilicho bora kuliko hicho. Ukimwita Mamkinga mbele ya kipimo hicho, hawezi kusimama. Mgogo mwenye kisima anaweza.

Walutheri wenyewe wamewahi kuwa wahamiaji. Mwishoni mwa mwaka 1731 Askofu Mkuu wa Salzburg aliamuru Waprotestanti watoke katika nchi yake, wengine wakifukuzwa katikati ya majira ya baridi. Watu wapatao 20,000 walianza safari. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia aliwaita, na badala ya kuwatoza kuingia aliwapa posho ya njiani kwa siku, mwanamume, mwanamke na mtoto kila mmoja kwa kiwango chake. Mfalme yule hakuwa malaika. Prussia ya Mashariki ilikuwa imepoteza watu wengi kwa tauni miaka ishirini nyuma na mashamba yalibaki bila mlimaji, alihitaji mikono. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema kwamba ukimpokea mgeni bila kumkamua, nchi inapata hasara. Mfalme yule alihesabu fedha kuliko wafalme wengi, na hesabu yake ilimwambia vingine.

Sasa tutazame malango ya leo. Tangu Juni 2023 ada ya maombi ya viza ya kutembelea Marekani ni dola 185, na hairudishwi ukinyimwa. Ada ya viza ya Schengen, inayohusu Ujerumani wanakokaa rafiki zetu wengi wa usharika, ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 Juni 2024, nayo hairudi. Mwanafunzi anayekwenda Uingereza hulipa, pamoja na ada ya viza, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo kwa ajili ya huduma ya afya ya taifa. Zote hulipwa mapema, hata kama hataugua mafua. Septemba 2025 Rais wa Marekani alitangaza dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya wataalamu iitwayo H-1B, mzigo unaomwangukia mwajiri. Na Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kabla ya kupewa viza ya kutembelea Marekani.

Mizigo hii hailingani, na haki inatutaka tusiichanganye. Dhamana, kwa mfano, inatisha kwa ukubwa wake, lakini anayerudi kwa wakati anarudishiwa. Kwa mpangilio wake ni ya uaminifu kuliko dola 185 zinazomezwa. Tatizo lake ni lile la Rindi: zaidi ya shilingi milioni 12 zikae kwa mtu mwingine mpaka urudi, ni nani kati yetu anayeziweza? Mwenye hoteli Moshi anaweza. Bibi anayekwenda kumpokea mjukuu hawezi. Uingereza nayo imewasamehe wauguzi na wahudumu wa afya ile ada ya huduma ya afya, na ni vema kulisema hilo. Lakini mhamiaji mwingine anayefanya kazi huko hulipa kodi kama jirani yake, kisha hulipa pauni 1,035 kwa mwaka kwa hospitali ileile ambayo kodi yake imekwisha kuichangia. Kisima kimoja, hongo mbili.

Wanaotetea ada hizi wanasema kuna maofisa wa kulipwa, kompyuta, ulinzi, uchunguzi wa nyaraka, na si haki mlipakodi wa kule abebe gharama ya mtu anayetaka kuja. Hoja hiyo naikubali. Ni hoja ya maji ya Ugogo. Mwombaji alipie kazi inayofanywa kwa ajili yake, hata kama jibu ni hapana, maana aliyesoma faili amefanya kazi. Kwa hiyo kwa yule mama jibu langu la kweli lilikuwa kwamba ndama wake alinunua dakika chache za ofisa na ukaguzi wa faili. Kama ndivyo gharama yake ilivyo, hakudhulumiwa. Lakini waombaji wangapi wameonyeshwa hesabu hiyo? Mahali ambapo ada inapandishwa ili watu wapungue, au ili fedha ijaze pengo lisilohusiana na mwombaji, pale hakuna tena maji yanayouzwa. Serikali ina haki ya kusema hapana. Haina haki ya kuuza hapana.

Wengine wanasema: hakuna aliyewalazimisha kuja. Efroni naye angeweza kusema hivyo.

Tunapenda kuishia hapo, tukiwa tumewahukumu wakubwa wa dunia. Lakini Tanzania nayo ina lango. Mgeni wa kawaida hulipa dola 50 kuingia, Mmarekani dola 100. Vibali vya ukaazi na vya kazi huhesabiwa kwa mamia ya dola, na kwa waajiriwa wengi kwa maelfu. Mtalii anayepanda Kilimanjaro hulipa hifadhini dola 70 kwa siku bila kodi, wakati sisi tunalipa shilingi 10,000. Hilo la mlima halinisumbui. Anayekuja kutembea ana njia ya kurudi na ana hiari, na Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo 17, anamuuliza Petro kama wafalme huwatoza wana wao au wageni, akijua jibu. Anayenisumbua ni yule ambaye hana pa kurudi, au amekuja kwa kazi ambayo sisi wenyewe tunaihitaji: mwalimu kutoka Kenya katika shule yetu, fundi wa vifaa vya hospitali kutoka Uganda. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kufanya kazi Julai 2010, na bado wapo wanaojificha afisa uhamiaji anapopita kwa sababu bei ya kibali ni kubwa kuliko mshahara wa miezi yao mingi. Huku vijana wetu wa Rombo wanavuka kwenda kulima Taveta na Loitokitok, na wakisumbuliwa kule tunasikia uchungu, na ni haki yetu kuusikia.

Kanisa lina deni la pekee hapa. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo chao cha kwanza Machame mwaka 1893, mahali palepale pa machozi ya Rebmann, wakakaa. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu, karibu wote walifukuzwa mwaka 1920 kwa sababu ya uraia wao, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji mpaka walipoanza kuruhusiwa kurudi miaka ya kati ya 1920. Kanisa letu lilijengwa na wageni wenye vibali vya kusuasua, na likatunzwa na wenyeji walipoondolewa.

Na tumewahi kufanya vizuri, wala si kwa maneno tu. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji walipokelewa Tanzania, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Tanganyika Christian Refugee Service, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, lilifanya kazi nao bega kwa bega na Serikali na UNHCR. Walipewa majembe na mbegu, wakafyeka msitu, na baada ya miaka michache walikuwa wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2007, walipoulizwa, wengi wao waliomba kubaki. Mkulima wa Katumba mwenye watoto sita asingeweza kulipa ada ya kawaida ya kuomba uraia kwa kila mmoja. Serikali iliweka utaratibu maalumu, na wafadhili wakasaidia kubeba gharama kupitia UNHCR. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu wapatao 162,000 wamekubaliwa. Katika historia ya wakimbizi ya bara letu sijui tendo linalolingana na hilo kwa ukubwa.

Lakini vyeti havikutoka. Palikuwa na mpango kwamba kwanza wahame makazi yale na kutawanywa mikoani, na wengi hawakutaka kuyaacha mashamba waliyoyafyeka. Miaka minne walikaa hivyo, si wakimbizi tena na si raia wenye karatasi. Mpango wa kuwahamisha uliachwa, na Oktoba 2014 Rais Kikwete alikabidhi vyeti vya kwanza mjini Tabora. Waliokuwa watoto wa kubebwa mgongoni mwaka 1972 walikuwa sasa na zaidi ya miaka arobaini, na baadhi ya waliowabeba walikuwa wamekwisha kuzikwa Katumba, katika ardhi waliyoifyeka kwa mikono yao.